Nani Anasikiliza? Shajara ya Mradi wa Simulizi za Wazee

Shajara hii niliiandika kama mwalimu msimamizi wa mradi uliowakutanisha wanafunzi 24 wa sekondari na wazee 16 wa jamii yao, kwa simu za video na kwa ziara za ana kwa ana, kwa muda wa wiki 14. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vinane vya watu watatu watatu, na kila kikundi kilipewa wasimulizi wawili. Sehemu nyingine nimeziacha kama nilivyoziandika siku ileile, pamoja na maamuzi ambayo baadaye tuliyatengua.

Wiki ya 1

Kazi ya kwanza haikuhusu wazee kabisa. Niliwataka wanafunzi watafute kwenye intaneti kila kilichokwisha kuandikwa kuhusu eneo wanaloishi, kisha waandike kwenye karatasi moja mambo wanayoyajua wao ambayo hawakuyaona popote. Walichokikuta ni idadi ya watu, majina ya viongozi, taarifa fupi za habari na picha chache zilizopigwa miaka ya karibuni. Orodha ya vilivyokosekana ilijaa haraka: nani alijenga daraja la zamani, kwa nini mtaa mmoja una majina mawili, shule ya kwanza ilikuwa wapi kabla ya kuhamishwa.

Tulikubaliana kuwa kufikia mwisho wa muhula kila kikundi kitakuwa kimeweka simulizi tatu kwenye tovuti ya mradi. Niliandika lengo hilo kwa wino mwekundu ubaoni, na sikujiuliza kama wazee wenyewe walitaka kuwekwa huko.

Wiki ya 2

Wiki hii ilikuwa ya vifaa. Nilipendelea sauti kuliko picha jongefu, kwa kuwa mtu aliyeelekezewa kamera hukaa kama anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Tumechagua kurekodi katika faili za WAV zisizobanwa, kwa kilohezi 48 na biti 24, kiwango ambacho chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinakipendekeza kuwa cha chini kabisa wakati wa kuhamisha kanda za zamani kwenda dijitali. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja katika kiwango hicho huchukua takriban megabaiti 518, na mwanafunzi mmoja aligundua upesi kwamba simu yake ingejaa kabla ya mazungumzo ya tatu. Hivyo kila faili huhamishiwa kwenye diski mbili siku hiyohiyo, na nakala ya tatu hupakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Jambo lililotuchukulia muda zaidi ni mazungumzo ya mbali. Simu ya mtandaoni huibana sauti na kuikatakata mtandao unapodhoofika, kwa hiyo ukirekodi upande wako tu, utapata sauti safi ya mwanafunzi anayeuliza na sauti ya mzee iliyojaa matundu. Tumeamua kurekodi pande zote mbili: ndugu wa msimulizi huweka simu ya pili mezani mbele yake ikiwa inarekodi, mwanafunzi hurekodi upande wake, na mwanzoni mwanafunzi hupiga kofi moja kubwa ili faili hizo mbili ziweze kulinganishwa baadaye. Wazee wamelifurahia lile kofi kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu.

Wiki ya 3

Mazungumzo manne ya kwanza yamefanyika, na yote manne ni dhaifu. Wanafunzi waliingia na maswali 20 yaliyochapwa, wakayasoma moja baada ya jingine, na wazee wakajibu kama mashahidi mahakamani: ndiyo, hapana, zamani ilikuwa hivyo, sikumbuki. Mazungumzo marefu kuliko yote yalidumu dakika 17.

Katika mazungumzo ya kikundi cha tatu, Bibi mmoja alimkatiza mwanafunzi katikati ya swali la sita na kumuuliza, "Mjukuu wangu, wewe nakuona. Na hao wengine ninaowasikia wakicheka ni kina nani?" Wenzake wawili walikuwa wamekaa nje ya kamera. Walijitokeza kwa aibu, wakamwamkia, akaitikia, lakini hadi mwisho alizungumza kwa tahadhari. Mwanzoni niliandika tukio hilo kama kosa la adabu. Nikiyasikiliza tena mazungumzo yote manne jioni hii, naona kwamba swali la Bibi huyo lilikuwa la msingi kuliko maswali yetu yote 20, kwani wazee wote wanne walikuwa wakizungumza na watu wasiowaona, kuhusu mambo ambayo hawakujua yanakwenda wapi.

Wiki ya 4

Tumesimamisha mahojiano kwa wiki nzima. Badala yake tumesoma darasani mfano mmoja wa kale ambao sasa naona ulipaswa kutangulia kila kitu.

Kati ya mwaka 1936 na 1938, serikali ya Marekani iliwaajiri waandishi kukusanya kumbukumbu za watu waliokuwa wamezaliwa utumwani, na simulizi zaidi ya 2,300 zilipatikana. Leo zinasomeka na yeyote kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Miongoni mwake zimo mbili za mwanamke mmoja mzee wa Charleston, katika jimbo la South Carolina, aliyeandikwa kwa jina la Susan Hamlin katika moja na Susan Hamilton katika nyingine. Aliyemhoji mara moja alikuwa mwanamke Mzungu, Jessie Butler, na mzee huyo alidhani ametoka katika ofisi ya ustawi wa jamii, iliyowahi kumpa msaada. Alimweleza kwamba bwana wake alikuwa mtu mwema. Alipohojiwa na Augustus Ladson, mwanamume mweusi, alisimulia viboko, familia zilizouzwa na kutenganishwa, na vilio vya akina mama.

Niliwagawia wanafunzi maandishi yote mawili bila kuwaambia kuwa msimulizi ni mmoja. Walitoa hukumu upesi: wa kwanza ni mwongo au amesahau, wa pili ndiye mkweli. Walipogundua kuwa ni mtu yuleyule, darasa lilinyamaza, kisha mjadala ukawaka hadi kengele ikapita. Mwanafunzi mmoja alisema kuwa Susan hakudanganya hata mara moja, alijua tu anazungumza na nani. Mwingine akauliza jambo lililotukwamisha: kama simulizi hubadilika kulingana na anayesikiliza, mzee atasimulia nini iwapo anayesikiliza ni intaneti nzima?

Kutokana na mjadala huo tumebadilisha utaratibu. Kila mazungumzo yataanza kwa wanafunzi wote watatu kuonekana, kujitaja kwa majina yao na ya wazazi wao, na kueleza kwa maneno ya kawaida sauti itakakokwenda na nani ataisikia. Maswali 20 yamefutwa. Badala yake kila kikundi kitafute picha moja ya zamani, kiiskani kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi, na kumtumia msimulizi siku moja kabla. Mkono mtupu haulambwi, na mtu anayeomba kumbukumbu za mwenzake akiwa hana chochote cha kumwonyesha ni kama anayebisha hodi usiku bila kutaja jina.

Wiki ya 5

Mitihani. Hakuna kilichofanyika, isipokuwa kwamba wazee wawili wamepiga simu kuuliza mbona wajukuu wamepotea.

Wiki ya 6

Tofauti ni kubwa kupita nilivyotarajia. Mazungumzo matano ya wiki hii yana wastani wa saa moja. Picha ya kikundi cha pili, inayoonyesha wanawake saba wamesimama mbele ya jengo, ilimfanya msimulizi awataje mmoja mmoja kuanzia kushoto, na kwa kila jina akafungua mlango wa habari nyingine. Picha ilisaidia pia kwa sababu aliyesimulia ndiye aliyeshika hatamu, na wanafunzi walilazimika kufuata.

Sasa tumeingia katika unukuzi, na hapa nina malalamiko. Kuandika kwa mkono saa moja ya sauti huwachukua wanafunzi kati ya saa nne na sita, wakati mwingine zaidi, hivyo walishauri tutumie programu ya kutambua usemi. Tuliijaribu Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022 baada ya kufunzwa kwa sauti za saa 680,000. Kwa sauti safi ya kijana ilifanya kazi vizuri. Kwa sauti ya mzee aliyepoteza meno, anayetumia maneno ambayo hata mimi nayasikia kwa nadra, iliyasawazisha maneno hayo kuwa mengine yanayofanana nayo, na sentensi ikabaki inasomeka vizuri huku ikiwa si yake.

Kilichoniudhi zaidi ni ukimya. Msimulizi wa kikundi cha pili alipofika kwa mwanamke wa nne katika picha, ambaye ni mdogo wake, alinyamaza kwa sekunde 19. Programu ikaandika mahali hapo "Asante kwa kutazama". Inajulikana kwamba programu za aina hii, zikikosa sauti ya kunukuu, huweza kubuni maneno, hasa yale yanayomalizia video za mtandaoni. Wanafunzi walicheka kwanza, kisha mmoja wao akaifuta sentensi ile na kuandika katika mabano: ananyamaza, sekunde 19. Tumeifanya kuwa kanuni. Programu inaweza kutoa rasimu ya kwanza, lakini kila mstari husikilizwa na mwanafunzi aliyekuwepo kwenye mazungumzo, na kila ukimya unaozidi sekunde tano huandikwa.

Wiki ya 7 na ya 8

Nimeziunganisha wiki hizi kwa sababu zilimezwa na ugomvi mmoja kuhusu daraja.

Mzee wa kikundi cha kwanza anasema daraja la zamani lilibomoka mwaka aliomaliza shule. Mama wa kikundi cha sita anasema lilibomoka miaka minne baadaye, na analikumbuka kwa sababu baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi mbali wiki ileile. Vikundi hivyo viwili viliwekeana kauli kama wanasheria. Hatimaye mwanafunzi mmoja alipata nakala ya gazeti la zamani iliyoskaniwa mtandaoni, na tarehe iliyochapishwa ilimpa ushindi mzee wa kikundi cha kwanza. Kikundi chake kilitaka kauli ya Mama yule irekebishwe katika unukuzi.

Nilikataa, na niliwaeleza kisa cha Terni, mji wa viwanda vya chuma nchini Italia. Mfanyakazi aitwaye Luigi Trastulli aliuawa huko na polisi tarehe 17 Machi 1949, katika maandamano ya kupinga nchi hiyo kujiunga na NATO. Mwanahistoria Alessandro Portelli alipowahoji wafanyakazi miongo kadhaa baadaye, wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, wakati wa ghasia zilizotokana na kufukuzwa kwa maelfu kazini. Portelli hakuwasahihisha na kuondoka. Aliuliza kwa nini kumbukumbu ya mji mzima imehamia mahali pamoja, na akaona kuwa kifo kile kilibebwa hadi kwenye tukio lililowauma zaidi, mahali ambapo kilipata maana kwao.

Kikundi cha sita kilimpigia Mama yule tena. Hawakumwambia kuwa amekosea, walimwomba asimulie zaidi kuhusu baba yake. Alizungumza kwa dakika 40. Njia ya kuvukia ilipokatika, barua za baba zilianza kuchelewa, kisha zikakoma, na kwake kuondoka kwa baba na kubomoka kwa daraja ni tukio moja, hata kama kalenda inasema vingine. Katika tovuti tumeweka simulizi yake kama alivyoitoa, tarehe ya gazeti chini yake, na kiungo kinachompeleka msomaji kwenye simulizi ya mzee wa kikundi cha kwanza. Hii ndiyo kazi bora ya kitaaluma iliyofanywa na wanafunzi wangu mwaka huu, na ilianza kwa wao kutaka kufuta sentensi moja.

Wiki ya 9

Wiki mbaya. Simulizi mojawapo, iliyokuwa imekaa kwenye tovuti kwa siku sita, ilitaja mgogoro wa mpaka wa ardhi kati ya familia mbili. Jamaa wa familia ya pili, anayeishi mbali, aliisikia na kupiga simu nyumbani kwa hasira. Msimulizi, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alituomba tuiondoe. Alikuwa ametia saini fomu ya ridhaa. Fomu hiyo niliiandika mimi, na ilimtaka akubali "matumizi ya kielimu na ya umma". Nilipomuuliza alielewaje maneno hayo, alisema alidhani ni kwa ajili ya darasa.

Tuliiondoa siku ileile. Wanafunzi waliamini kuwa jambo limekwisha, hadi tulipozungumza kuhusu Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo tangu mwaka 2001 imemwezesha yeyote kufungua nakala za kurasa zilizokwisha kufutwa. Tulikagua na hatukukuta nakala ya ukurasa wetu. Tulichokikuta ni kibaya zaidi kwa kuwa kilitoka kwetu: mwanafunzi mmoja alikuwa ameipakua sauti na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo wake, kwa kujivunia kazi yake. Tumeomba ifutwe, na hatuna njia ya kuhakikisha.

Niliwasimulia pia kilichotokea kwa mradi wa Chuo cha Boston nchini Marekani, ambao kati ya 2001 na 2006 uliwarekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini kwa ahadi kwamba kanda zao hazitafunguliwa wakiwa hai. Mwaka 2011 mamlaka za Uingereza ziliziomba kanda hizo kupitia mahakama za Marekani, na mwaka 2013 baadhi zilikabidhiwa kwa polisi. Mgogoro wetu wa mpaka haulingani hata kidogo na vita hivyo, lakini kosa ni la ukoo mmoja. Ahadi ilitolewa na mtu asiyekuwa na uwezo wa kuitimiza.

Fomu imeandikwa upya na wanafunzi wenyewe, kwa ukurasa mmoja, na husomwa kwa sauti. Msimulizi huchagua kama simulizi yake isikike na yeyote, isikike na familia na wanafunzi tu kwa nenosiri, au ifungwe hadi tarehe atakayoitaja. Baada ya hapo hupewa siku 14 za kuisikiliza sauti yake kabla haijawekwa popote, na katika siku hizo anaweza kukata sehemu yoyote bila kutoa sababu. Mtu wa tatu aliyetajwa kwa ubaya hufichwa jina.

Wiki ya 10 na ya 11

Tumewarudia wasimulizi wote kwa fomu mpya. Wazee wawili waliokuwa wamekubali kila kitu sasa wamechagua nenosiri. Mwingine ameifunga simulizi yake hadi watoto wake wote wawe watu wazima.

Kazi ya kuorodhesha inaendelea kwa kutumia vipengele 15 vya Dublin Core, mfumo wa kimataifa wa kueleza taarifa za rekodi, ambao chimbuko lake ni mkutano wa mwaka 1995 huko Dublin, Ohio. Wanafunzi wameona vinachosha, na sitawalaumu, ila kipengele cha "muundaji" kilizua swali zuri: muundaji wa simulizi ni anayesimulia au anayerekodi? Wamemweka mzee kuwa muundaji na wao kuwa wachangiaji.

Kikundi cha nne kilitaka kuingiza majina ya zamani ya mitaa katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Ramani hiyo inaruhusu jina la zamani kuandikwa kando ya jina la sasa, lakini haipokei vitu ambavyo havipo tena ardhini, hivyo daraja letu limekosa nafasi. Tumelichora kwenye ramani yetu wenyewe.

Wiki ya 12 na ya 13

Viungo vya kusikiliza vilitumwa kwa wasimulizi wote waliobaki. Tulikadiria kuwa wangesikiliza kimya na kutoa idhini. Badala yake simu zilianza kuingia: mmoja alitaka kuongeza, mwingine kumsahihisha mwenzake, na Bibi yule wa wiki ya tatu, aliyeuliza ni kina nani wanaocheka, aliomba arekodiwe upya kwa sababu safari ya kwanza "alizungumza na simu". Kikundi chake kilimrekodi kwa saa moja na dakika 50.

Jambo ambalo hatukulipanga lilitokana na picha ya wanawake saba. Picha hiyo, kwa idhini ya msimulizi, iliwekwa wazi pamoja na majina aliyoyataja. Mwanamke wa sita kutoka kushoto yu hai, anaishi nchi nyingine, na mjukuu wake aliikuta picha alipokuwa akitafuta jina la bibi yake mtandaoni. Aliwaandikia wanafunzi. Siku tatu baadaye wazee hao wawili walizungumza kwa simu ya video, na wanafunzi wakauliza kama wanaweza kurekodi. Walijibiwa hapana. Walizima vifaa, wakawaachia simu na kutoka nje, na nimewaandikia alama kwa hilo.

Wiki ya 14

Hali ilivyo: kati ya wasimulizi 16, simulizi 11 ziko wazi, tatu ziko chini ya nenosiri au zimefungwa, moja imeondolewa, na moja haijakamilika. Lengo la wino mwekundu lilikuwa simulizi 24 mtandaoni. Nilipotaka kulifuta ubaoni, mwanafunzi mmoja aliniomba niliache, chini yake akaandika 11.

Ile ambayo haijakamilika ni ya mzee wa kikundi cha tano, aliyekatiza mazungumzo katikati na kusema ataendelea akiwa tayari. Juzi amepiga simu. Atazungumza Jumamosi asubuhi, kwa sharti kwamba mwulizaji awe mmoja na ajulishwe mapema ni nani watakaosikiliza. Wanafunzi wamemtumia majina yao matatu kwa herufi kubwa ili ayasome bila miwani, na jina langu likiwa la nne. Amejibu kuwa watatu wanatosha.